Mapatano na Mkataba: Njia ya Maneno Mawili ya Sheria hadi Musoma

Mwanafunzi anayeanza kusoma sheria ya biashara hukutana mapema na maneno mawili ambayo watu huyatumia kana kwamba maana yake ni moja: mapatano na mkataba. Katika maduka ya Mukendo, mjini Musoma, na katika mialo ya ziwa, hayatengwi. Sheria imeyatenga, na mtu asiyejua mpaka ulio baina yake aweza kuiacha haki yake kwa kudhani kwamba hanayo.

Mapatano ni neno la asili ya Kibantu, nalo limetokana na kitenzi kupata: wanaopatana ni watu ambao nia zao zimekutana. Mkataba umetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kuandika, shina lile lile lililotoa kitabu na katibu. Pamoja nao yalikuja kutoka pwani maneno mengine ya soko na kadhi: amana, rehani, dhamana, wakili, na biashara yenyewe, ambayo kwa asili ni kuuza na kununua. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaizunguka Nyanza, biashara iliongezeka katika bandari za ziwa, Musoma ikiwa mojawapo, na lugha yake ikawa Kiswahili.

Sheria ilikuja kwa njia nyingine. Waingereza waliitungia India sheria ya mikataba mwaka 1872, na baada ya kuitwaa Tanganyika kutoka kwa Wajerumani wakaileta huku mwaka 1920. Mwaka 1961 Tanganyika ilipata sheria yake, lakini kwa sura na mpangilio wa ile ya India. Kenya, ambayo nayo ilikuwa imeitumia, iligeukia kanuni za Kiingereza. Ndani ya sheria ya 1961 mna milango ya dhamana, amana, rehani, uwakala na ubia. Kwa hiyo mambo ambayo Waswahili walikwisha kuyapa majina yalirudi yakiwa yamevaa mavazi ya Kiingereza.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, kila mkataba ni mapatano, lakini si kila mapatano ni mkataba. Mapatano huwa mkataba yanapofanywa kwa hiari, na watu wenye umri na akili timamu, kwa badali halali na kwa shabaha halali. Badali ni kitu au tendo linalotolewa na upande mmoja kwa ajili ya ahadi ya upande wa pili. Hiari huharibiwa na shurutisho, ushawishi usiofaa, hila, maelezo yasiyo ya kweli au kosa. Maandishi hayamo katika masharti hayo ya jumla. Hudaiwa pale tu ambapo sheria imeyataka, kama katika kuuza haki ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mvuvi aliyekubaliana kwa mdomo na mchuuzi juu ya bei na siku ya kumpa samaki, akapokea sehemu ya bei, amefunga mkataba, ingawa hakuna karatasi. Shida yake ni ushahidi.

Kwa nini basi wengi huamini kwamba pasipo karatasi hapana mkataba? Shina la neno ni sababu moja. Huenda historia ya ukoloni ni ya pili. Kati ya vita vikuu viwili, serikali ya Waingereza ilizuia kwa sheria kuwakopesha Waafrika: mwenye duka asiye Mwafrika hakuweza kudai mahakamani deni ambalo halikuandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Mkopo usio na hati ulibaki kuwa mapatano ya kuaminiana, yasiyo na nguvu mbele ya hakimu. Sheria hiyo imekwisha ondoka, lakini fundisho lake laweza kuwa limebaki.

Kinyume chake chaonekana katika kazi ya mtu wa mkoa huu huu. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alichapisha mwaka 1969 tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Bepari ni neno lililotoka India kama sheria ile, likiwa na maana ya mfanya biashara tu, kabla ya siasa ya ujamaa kulitia harufu ya unyonyaji. Katika tamthilia hiyo mkopeshaji ana hati iliyoandikwa na kukubaliwa kwa hiari, naye adai ratili ya nyama ya mdeni wake. Portia amshinda kwa kuishika hati neno kwa neno: nyama imetajwa, damu haikutajwa. Sheria ya 1961 isingehitaji werevu huo. Mapatano ya kumdhuru mtu mwili wake ni batili tangu mwanzo, hata yaandikwe vizuri namna gani.

Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama za mwanzo zilipoanza kazi mwaka 1964, na sheria ya mwaka 2021 ikakifanya lugha ya sheria na mahakama kwa jumla. Tangu hapo maana ya neno mkataba si jambo la wanafunzi peke yao. Mfasiri akiliacha neno hilo litegemee shina lake la kuandika, mvuvi asiye na karatasi atarudi nyumbani kabla ya kufika mahakamani.