Bando la Mazoezi

Katika kumbi za bolingi za Uingereza na Marekani kuna kadi anayouziwa mchezaji wa ligi ili aje kujinoa siku ambazo ligi haipo. Aliyekuja na watoto kusherehekea siku ya kuzaliwa hulipa bei kamili na viatu akakodi. Mwenye kadi huingia Jumanne saa tano asubuhi, viatu vyake, tufe lake mkobani, akalipa sehemu tu ya bei ile, akapewa ujia wa pembeni na kuachwa na shughuli yake. Kitu chenyewe hakina ugumu wa kuelezeka. Jina lake kwa Kiswahili ndilo linalonisumbua, maana kila neno ninalolishika nakuta lina mwenyewe.

Nimesema tufe, sikusema mpira, ingawa anayesema mpira ana historia upande wake. Matufe ya kwanza yalichongwa kwa mti mgumu na mzito; mwaka 1905 likaingia sokoni Marekani tufe la mpira mgumu, na mwaka 1914 kampuni ya Brunswick ikaleta la kwake, Mineralite. Kwa miaka mingi basi mpira wa bolingi ulikuwa mpira kwelikweli, kabla ya plastiki, yuretheni na resini kuuondoa. Hata hivyo, mimi nabaki na tufe. Wanariadha wetu hutupa tufe, na lile la wanaume lina kilo 7.26. Tufe zito kabisa linaloruhusiwa kwenye bolingi ni la ratili 16, yaani kilo 7.26 zilezile. Si kila siku istilahi inakutana na mizani namna hii.

Turudi kwenye kadi. "Pasi ya mazoezi" ndiyo tafsiri inayokuja mbio, na ndiyo mbovu. Itamke Dar es Salaam: mmoja atawaza makaa na sare za shule, mwingine atawaona viungo wawili wa Simba wakigongeana mazoezini, wa tatu atakuuliza kama umeshapeleka picha zako Uhamiaji. Pasi ya watu wameshaigawana. Tena neno la Kiingereza lililozaa tafsiri hiyo limebeba mambo matatu yasiyofanana kwa jina moja. Lipo punguzo la papo kwa papo: unaonyesha kitambulisho cha ligi, unalipa kila mchezo kwa bei ndogo, hukulipa chochote kabla. Ipo kadi ya michezo kumi au ishirini iliyolipiwa mapema, inayochorwa au kukatwa kila unapocheza. Na ipo ada ya mwezi inayokuruhusu kuja kila siku, mradi usije saa za watu wengi.

Hiyo ya pili Watanzania tunayo neno lake, nalo halikutoka kwenye kamati ya istilahi. Ni bando. Unalipa kwanza, unapewa kiasi, unapewa na tarehe ya mwisho, na kiasi kikibaki baada ya tarehe hiyo ni hasara yako. Anayenunua bando la wiki kwenye simu hahitaji kuelezwa masharti ya kadi ya michezo kumi. Ameshayalalamikia mara nyingi. Hiyo ya tatu ningeiita kadi ya mwezi, bila kutafuta makuu, kama wasemavyo watu wa jimu. Na ya kwanza ni bei tu: bei ya mazoezi.

Mazoezi, ndiyo. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu Kiswahili kimefanya jambo ambalo Kiingereza hakikulifanya. Mteja anayerudi kila wiki na kitendo cha kurudiarudia mpaka mkono ukubali, Kiingereza kimevipa maneno mawili yasiyo na undugu. Kwetu vyote vimetoka kwenye kuzoea. Mazoea ni kile kilichokupata kwa kurudi mahali bila kukusudia. Mazoezi ni kile ulichojipa kwa kukusudia. Mzoefu ni mtu aliyevuka yote mawili. Na ukumbi wa bolingi ni mahali ambapo mtu huyohuyo ana mazoea saa ya chai na mazoezi dakika tano baadaye.

Ndiyo maana nilitamani kuiita "bei ya wazoefu", kisha nikaiacha. Mzoefu kwetu ni anayejua kazi, na wapo wanaokuja kila wiki kwa miaka na bado tufe linaingia mtaroni. Hao nao ni wanaligi halali na kadi ni haki yao. "Bei ya mazoea" nayo ina harufu. Kuzoeana na muuzaji ni jambo jema, lakini mtu akikuambia "usinizoee" hakusifu. Bei ya mazoea ni ile inayonong'onwa, baada ya kukaribishwa kama kastama na kusema "nipunguzie basi". Bei ya kadi imebandikwa ukutani na haimjui mtu. Bora basi kukiita kitu kwa kitendo kuliko kwa mtendaji.

Lakini kitendo hicho kinahesabiwaje? Mchezo mmoja wa bolingi una fremu kumi (samahani kwa wenye fremu za kupangisha Kariakoo, neno tunalitumia pamoja). Katika kila fremu mchezaji ana nafasi ya kurusha mara mbili kuangusha pini kumi. Akiziangusha zote kwa mrusho wa kwanza, fremu imekwisha na mrusho wa pili haupo, isipokuwa fremu ya kumi, ambayo humpa mirusho ya ziada. Atakayezikumba zote kila mara, mpaka mwisho, atapata pointi 300 kwa mirusho 12. Anayehitaji mrusho wa pili kila fremu na kusafisha zilizobaki atarusha mara 21. Sasa tazama kadi ya michezo kumi kwa macho ya mtu aliyekuja kujifunza: kadiri anavyopiga vizuri ndivyo anavyopewa mirusho michache kwa pesa ileile! Na kile hasa alichokuja kukifanyia kazi, labda ile pini ya 10 ya pembeni kulia inayowasumbua wanaorusha kwa mkono wa kulia, hakipati kabisa kama mrusho wa kwanza umefagia ujia mzima.

Kosa hapo limo ndani ya neno mchezo. Mazoezi si mchezo. Matokeo ubaoni hayamhusu anayejinoa; wengine hawayatazami. Kuna hata desturi, kabla ya ligi kuanza, ya kurusha dakika chache bila pini kusimamishwa, tufe likapita na kupotea nyuma. Kiingereza huiita bolingi ya kivuli, na kwa mara moja nakubali kuchukua jina la watu kama lilivyo. Huwezi kuuza kivuli kwa michezo. Unaweza kukiuza kwa dakika, na hapo bando linathibitisha kwamba ndilo neno lenyewe, kwa kuwa bando la dakika tumelijua zamani.

Wamarekani wana neno jingine ambalo sitaki kuliacha lipite. Ada ya ligi ya kila wiki hugawanywa: fungu moja la zawadi za mwisho wa msimu, fungu la gharama za uendeshaji, na fungu la ukumbi. Hilo la ukumbi huitwa kwa neno linaloandikwa sawasawa na lile la nasaba na ukoo. Asili yake ni mstari: mchezo mmoja wa mtu mmoja hujaza mstari mmoja wa karatasi ya pointi. Ningeiita ada ya mstari na kuendelea, ila ukoo ulionaswa humo kwa bahati haukukosea sana. Ligi ni aina ya ukoo. Robert Putnam, mwanazuoni wa siasa wa Marekani, aliandika mwaka 1995 kwamba kati ya 1980 na 1993 wacheza bolingi nchini mwake waliongezeka kwa asilimia 10 huku bolingi ya ligi ikishuka kwa asilimia 40. Mwaka 2000 akakitoa kitabu kilichofanya kucheza bolingi peke yako kuwa alama ya jamii inayolegea. Mwenye kadi ya mazoezi anacheza peke yake kweli, Jumanne asubuhi, ila anafanya hivyo kwa ajili ya wenzake wa Alhamisi. Tatizo ni yule anayekuja kila Jumanne na hana Alhamisi. Pale kadi inapodai kitambulisho cha ligi, yeye analipa bei ya sherehe ya watoto, ingawa mazoea anayo na mazoezi anayafanya.

Limebaki punguzo. Ujia wa bolingi hupakwa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoamua tufe litakata kona wapi: palipo na mafuta linateleza, palipokauka linashika na kujikunja. Kumbi nyingi hupaka upya kabla ya ligi za jioni. Kila tufe linalopita huyasogeza na kuyabeba, kwa hiyo anayekuja asubuhi huweza kukuta mabaki ya jana, mistari mikavu katikati na madoadoa mbele. Anachojifunza hapo si lazima kimfae usiku. Samaki wa jioni huuzwa rahisi na hakuna anayeita hisani. Kama mimi ndiye ninayeandika kibao, ningeandika bando la mazoezi, dakika 60, Jumatatu hadi Alhamisi kabla ya saa kumi alasiri, bila neno punguzo popote, na chini kwa herufi ndogo: mafuta ni ya jana.