Richard na Linda Thompson: mmoja aliandika, mwingine akaimba

Tukipiga wimbo wa Kiingereza usiku, ujumbe mwingi mnaotutumia huuliza jambo moja: hawa ni akina nani, na wanaimba kuhusu nini? Leo tunawajibu kuhusu Richard na Linda Thompson, mume na mke wa Uingereza walioimba pamoja kuanzia mwaka 1972 hadi 1982. Katika miaka hiyo kumi walitoa albamu sita. Hakuna hata moja iliyouzwa kwa wingi wakiwa bado pamoja, lakini leo wanamuziki wengi wakubwa wa Ulaya na Marekani wanaziimba nyimbo zao.

Kwanza tueleze muziki wenyewe. Katika miaka ya 60 vijana wa Uingereza walianza kuchukua nyimbo za zamani za vijijini kwao, za wakulima, mabaharia, wachumba waliosalitiana na watu waliouawa, wakazipiga kwa gitaa la umeme, besi na ngoma za kisasa. Bendi iliyotangulia katika kazi hiyo iliitwa Fairport Convention. Ilianzishwa London mwaka 1967, na mpiga gitaa wake alikuwa Richard Thompson, kijana wa miaka 18, mtoto wa askari polisi kutoka Uskoti.

Mei 1969 gari la bendi hiyo lilipata ajali kwenye barabara kuu ya M1 likirudi kutoka Birmingham, walikotoka kupiga muziki. Mpiga ngoma wao, Martin Lamble, alifariki akiwa na miaka 19. Alifariki pia Jeannie Franklyn, aliyekuwa mpenzi wa Richard. Tunaitaja ajali hii kwa sababu baadaye watu walishangaa kijana huyu anaandika nyimbo zenye giza kiasi kile. Wenzake waliobaki walijikusanya, na kabla mwaka haujaisha wakatoa Liege & Lief, albamu ambayo mpaka leo inachukuliwa kuwa msingi wa muziki huu. Richard aliondoka kwenye bendi mwaka 1971.

Linda alizaliwa London mwaka 1947 lakini alikulia Glasgow, Uskoti. Aliporudi London akawa anaimba kwenye vilabu vya nyimbo za asili, na mara nyingine aliimba matangazo ya biashara ili apate chochote. Aliimba pia kwenye albamu ya kwanza ya Richard peke yake, Henry the Human Fly ya 1972, iliyouzwa vibaya mno. Mwaka huohuo wakafunga ndoa.

Hapo ndipo kazi ilipogawanyika. Richard alikuwa mwandishi na mpiga gitaa. Aliandika karibu nyimbo zote. Sauti yake wakati huo ilikuwa nzito na ngumu kidogo, na yeye mwenyewe hakuwa na imani nayo sana. Linda alikuwa na sauti safi, tulivu, isiyopambwa. Yeye halii anapoimba jambo la kusikitisha. Analitaja tu, kama mtu anayekupa habari ya msiba akiwa amesimama mlangoni, na msikilizaji ndiye anayebaki na uzito wake. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo siri ya wawili hawa. Nyimbo kali kuliko zote Richard alimpa mkewe aziimbe.

Albamu yao ya kwanza, I Want to See the Bright Lights Tonight, ilirekodiwa London mwaka 1973 kwa fedha kidogo na ikatoka 1974. Ilichelewa kwa sababu ya uhaba wa mafuta duniani: santuri hutengenezwa kwa plastiki, na plastiki hutokana na mafuta. Wimbo uliobeba jina la albamu unamhusu mtu aliyechoka kazini wiki nzima anayetaka kwenda mjini kujiburudisha, na humo inasikika bendi kamili ya matarumbeta. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani ni wimbo wa furaha. Sikiliza tena.

Karibu na wakati huo wote wawili walisilimu na kuingia katika kundi la Masufi waliokuwa wakiishi pamoja London, wafuasi wa tarika ya Darqawi, ambayo asili yake ni Morocco. Sheikh wao alikuwa Mskoti aliyesilimu. Kwenye jalada la albamu ya Pour Down Like Silver ya 1975 Richard amevaa kilemba na Linda amejifunika kichwa, jambo ambalo wanunuzi wa santuri za roki hawakulizoea. Kwa muda Richard aliweka pembeni gitaa la umeme, na kwa takriban miaka mitatu hawakutoa albamu mpya. Waliishi katika jumuiya hiyo wakilea watoto. Linda amesimulia baadaye kwamba maisha yale yalimwia magumu, hasa kwa mwanamke. Richard ameendelea kuwa Mwislamu hadi leo. Wimbo wa mwisho wa albamu hiyo, Dimming of the Day, watu wengi huuimba kama wimbo wa mapenzi. Wengine husikia ndani yake dua ya mja kwa Mola wake. Sisi tunaona hakuna haja ya kuchagua.

Walirudi mwaka 1978 na First Light, kisha Sunnyvista mwaka uliofuata. Albamu hizo mbili tunazipita haraka, maana hazina makali ya zile za mwanzo. Hazikuuzwa, na kampuni ya kurekodi ikawaacha.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo husimuliwa vibaya mara nyingi. Mwaka 1980 mwimbaji wa Uskoti Gerry Rafferty, aliyekuwa ametajirika kwa wimbo wake Baker Street, aliwalipia kurekodi albamu mpya. Rafferty alipenda kila sauti isafishwe na kupigwa msasa, na Richard hakuridhika na matokeo. Mbaya zaidi, hakuna kampuni iliyotaka kuinunua. Ikabaki kabatini. Mwishoni mwa 1981 Joe Boyd, Mmarekani aliyewahi kuisimamia Fairport Convention na wakati huo akiwa na kampuni yake ndogo ya Hannibal, aliwaingiza studio tena. Safari hii walirekodi kwa siku chache tu, wakipiga vyombo pamoja kama wako jukwaani. Albamu hiyo yenye nyimbo nane ndiyo Shoot Out the Lights, iliyotoka mwaka 1982.

Ilipotoka, ndoa ilikuwa imevunjika. Richard alikuwa amekutana na mwanamke mwingine Marekani, na Linda alikuwa na mtoto mchanga, wa tatu wao. Wasikilizaji walipousikia wimbo kama Walking on a Wire, ambamo mke anaimba kuchoka kwake kwa maneno aliyoandikiwa na mumewe, walisema moja kwa moja: hii ni albamu ya talaka. Hadithi hiyo imeandikwa mara nyingi sana. Lakini tazama tarehe. Nyingi ya nyimbo hizo tayari zilikuwamo kwenye ile kazi ya Rafferty ya 1980, wakati wawili hao walikuwa bado wanaishi pamoja na Richard hajamjua mwanamke yule. Hakuandika habari za talaka, kwa kuwa haikuwapo. Labda aliandika alichokihisi kabla hajakielewa. Hilo kila mtu atapima mwenyewe.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo halikuonekana. Linda alikuwa mjamzito wakati wa kurekodi, alipata shida ya pumzi, na mara nyingine sauti ilikataa kabisa kutoka. Ugonjwa wake ni ule ambao ubongo hupeleka amri zisizo sahihi kwenye misuli ya koo inayotengeneza sauti. Misuli hujikaza yenyewe, na maneno hukwama au hutoka yakiwa yamekatika. Hauponi kabisa, ingawa kuna sindano za kulegeza misuli zinazosaidia kwa muda. Ukiusikia kwa mtu usidhani ni woga au anajifanya.

Pamoja na yote hayo, katikati ya 1982 walikwenda Marekani kutumbuiza, kwa sababu albamu ilikuwa inasifiwa huko na mikataba ilikuwa imeshasainiwa. Usiku baada ya usiku walisimama jukwaa moja bila kuwa mume na mke tena. Linda mwenyewe amesimulia kwamba alimpiga Richard mateke akiwa anapiga gitaa. La ajabu ni kwamba sauti yake ilirudi kwenye safari hiyo, na waliomsikia walisema hajawahi kuimba vizuri vile. Safari ilipokwisha, na wawili hao waliishia hapo. Mwaka 1989 jarida la Rolling Stone la Marekani liliipa Shoot Out the Lights nafasi ya 9 katika orodha yake ya albamu 100 bora za miaka ya 80.

Richard akaendelea mbele peke yake, akajifunza kuimba nyimbo zake mwenyewe, na mwaka 2011 akapewa nishani ya OBE na serikali ya Uingereza. Linda alitoa albamu moja mwaka 1985, kisha koo likamnyamazisha kwa miaka mingi. Lakini yule aliyekuwa akiimba maneno ya mwingine alikuwa ameshakuwa mwandishi. Mwaka 2002 alirudi na Fashionably Late, yenye nyimbo alizoshiriki kuziandika na mwanawe Teddy, na katika mmoja wao gitaa linapigwa na Richard.

Kisha sauti ikaisha tena. Mwaka 2024, akiwa na miaka 76, Linda alitoa Proxy Music, albamu ya nyimbo zake ambazo haziimbi yeye. Zinaimbwa kwa niaba yake na wengine, wakiwamo watoto wake Teddy na Kami, ndugu wawili wa Uskoti wanaoitwa The Proclaimers, na Rufus na Martha Wainwright.

Kama kifurushi chako ni kidogo, usianze na albamu nzima. Tafuta nyimbo mbili tu: Dimming of the Day, kisha Walking on a Wire. Zote anaongoza Linda, na zote kaandika Richard. Tumia spika za masikioni kama unazo, maana gitaa la huo wa pili linajibu kila anachosema mwimbaji, na kwenye spika ya simu litakupotea.