Butembo na Beni Baada ya Chama Kimoja

Nicolae Ceaușescu, rafiki wa Mobutu, aliuawa kwa kupigwa risasi Romania tarehe 25 Desemba 1989. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu naye alitangaza mwisho wa ukiritimba wa chama chake, MPR, ambacho hakikuwa cha kikomunisti ingawa kiliiga mengi kutoka Beijing na Pyongyang. Ulinganifu unaishia hapo. Huko Romania serikali ilishika kila kitu, hata mkate. Butembo na Beni ilikuwa imekwisha kuzitelekeza hata barabara. Waliozitengeneza ni wafanyabiashara Wanande, waliotajirika kwa kahawa na dhahabu (nyingi ya magendo), pamoja na Kanisa Katoliki la Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo hilo tangu 1966 hadi 1997. Vyama vipya vilikuta mamlaka yamo mikononi mwa watu wasiopigiwa kura na yeyote.