Namna ya kulitambua na kulitunza bao la kale la Unguja

WATAFUTAO vitu vya kale katika Mji Mkongwe wa Zanzibar aghalabu huanza na mlango wenye nakshi au sanduku la njumu. Bao la kuchezea husahaulika, ingawa ni vifaa vichache vilivyokaa karibu na maisha ya watu wa Unguja kama hilo.

Bao la Kiswahili lina safu nne zenye mashimo manane kila moja, yaani mashimo 32, na huchezwa kwa kete 64. Kila mchezaji humiliki safu mbili. Kete zenyewe ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, mmea wa miiba unaoota pwani.

Mchezo huanza kwa hatua ya kunamua. Kila mchezaji huwa na kete 10 baoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 mkononi. Zikiisha za mkononi, mchezo huingia hatua ya mtaji. Anayebakiwa na safu ya mbele tupu, au asiye na pa kuchezea, ameshindwa.

Kanuni hizo ndizo kipimo cha kwanza cha mnunuzi. Katika mabao mengi ya wenyeji nyumba huchongwa ya mraba, nayo ni shimo la tano kutoka kushoto, katika safu ya mbele ya kila mchezaji. Bao lenye safu mbili tu, au lenye mashimo yasiyoweza kubeba kete nyingi kwa pamoja, limetengenezwa kuwa pambo.

Kipimo cha pili ni alama za matumizi. Bao lililochezewa miaka mingi hulainika pale mikono ilipopita mara kwa mara, hasa safu za mbele na kingo za nyumba, na mti wake hung'aa kwa jasho na mafuta ya vidole. Weusi uliosambaa sawasawa hadi kwenye pembe zisizoguswa na mtu huenda ni rangi ya dukani. Bao lililo na komwe zake za zamani lina thamani zaidi ya lililotenganishwa nazo.

Mnunuzi akishalipata, asilipige msasa wala vanishi, kwani kufanya hivyo ni kufuta historia yake. Kitambaa kikavu kinatosha. Liwekwe mbali na jua kali na unyevunyevu, na likaguliwe mara kwa mara kama lina wadudu watoboao mbao.

Hata hivyo, kulihifadhi bao si kulifungia kabatini. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini hadhi hiyo haikuzuia sehemu ya Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililokuwa na makumbusho, kuporomoka Desemba 25, 2020. Urithi unaotegemea jengo moja upo hatarini wakati wote.

Isitoshe, elimu ya bao imo vichwani mwa mafundi. Mtafiti wa Kiholanzi Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar, aliandika kuhusu umahiri wao tasnifu aliyoikamilisha katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995. Fundi hupiga hesabu ya kete zitakavyozunguka kabla hajazigusa. Akifariki bila ya kumfundisha mtu, bao lake hubaki kipande cha mti chenye mashimo.

Kwa hiyo anayelinunua bao la kale na amwulize muuzaji lilichezewa wapi na nani, ayaandike majibu, kisha alipeleke barazani wazee walicheze. Vijana wanaotaka kuanza wanaweza kutumia bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili na wachezaji huingia moja kwa moja katika mtaji.