Ngome ya Kumasi na Makumbusho ya Jeshi la Ghana

Miaka ya 1820 Asantehene, yaani mfalme wa Asante, Osei Bonsu, alikuwa na jumba la mawe mjini Kumasi, alimoweka vitu vya thamani alivyoletewa kutoka kila upande. Februari 1874 jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Garnet Wolseley likaingia mjini, likachukua lilichoweza kuchukua, likalilipua jumba na kuuchoma moto mji. Waingereza waliporudi Januari 1896 walimkamata Asantehene Prempeh wa Kwanza pamoja na mama yake bila vita, wakawapeleka uhamishoni. Kisha wakajenga ngome yao wenyewe, yenye kuta nene na minara ya duara pembeni ya kuwekea bunduki za rashasha. Ngome hiyo ndiyo leo Makumbusho ya Jeshi la Ghana.

Haikumaliza hata miaka minne kabla ya kujaribiwa. Tarehe 28 Machi 1900 Gavana wa Gold Coast (Ghana ya leo), Frederick Hodgson, aliwakusanya machifu wa Asante akadai aletewe Kiti cha Dhahabu akikalie, yeye akiwa mwakilishi wa Malkia. Hakujua, au hakujali, kwamba kiti kile hakikaliwi na mtu yeyote, hata Asantehene mwenyewe. Ndani yake, kwa imani ya Waasante, imo roho ya taifa zima. Yaa Asantewaa, mama malkia wa Ejisu, ambaye mjukuu wake alikuwa amehamishwa pamoja na Prempeh, ndiye aliyewaongoza watu wake kuingia vitani.

Waasante waliizingira ngome. Walifunga barabara zote kwa maboma ya magogo wakaiacha njaa ifanye kazi. Ndani walikuwemo gavana, mkewe, maofisa, wamisionari na askari. Nje, wakijibanza ukutani, maelfu ya wakimbizi Waafrika waliokuwa upande wa serikali au waliokwama tu, na hao ndio waliokufa wengi zaidi. Reli ya kwenda Kumasi ilikuwa haijafika, mvua zilikuwa zinanyesha, na kila msaada ulilazimika kuja kwa miguu msituni. Juni 23 Hodgson alitoroka na askari wapatao 600, akaacha kikosi kidogo cha kama watu 100 kulinda ngome. Kanali James Willcocks alipoifikia tarehe 15 Julai, wachache tu waliobaki waliweza kusimama.

Safu ya Willcocks ilikuwa na maofisa wazungu, lakini askari wake walio wengi walikuwa Waafrika, wengi wao Wahausa na Wayoruba. Kumalizia vita waliletwa hata askari kutoka Nyasaland, wa kikosi ambacho mwaka 1902 kiliingizwa katika jeshi jipya la King's African Rifles, KAR waliyoijua babu zetu. Yaa Asantewaa alitekwa, akapelekwa Shelisheli, akafia huko mwaka 1921. Prempeh alirudi mwaka 1924. Kiti cha Dhahabu Hodgson hakukiona kamwe.

Kwangu mimi, thamani ya makumbusho haya ni kwamba yamekusanya chini ya paa moja watu ambao vitabu vya zamani vilipenda kuwatenga: mwanamke aliyeizingira ngome, na askari Waafrika waliobeba bunduki za waliomshinda. Yote mawili ni historia ya Ghana, na kulificha mojawapo kungekuwa kuwadanganya wajukuu.

Askari Waafrika wa Uingereza wana kurasa nyingine ambazo sisi huku Afrika Mashariki tunapaswa kuzisoma. Tarehe 7 Agosti 1914, nchini Togo, Alhaji Grunshi wa Kikosi cha Gold Coast alifyatua risasi inayotajwa kuwa ya kwanza ya askari wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu. Mwezi haukuisha kabla Wajerumani wa Togo hawajasalimu amri. Julai 1916 kikosi kikapanda meli, kikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kushuka Kilindini, Mombasa. Kutoka hapo kilipelekwa kupigana na majeshi ya Kijerumani ya Paul von Lettow-Vorbeck katika ardhi ambayo leo ni Tanzania.

Desemba ya mwaka huo walikuwa Kibata, katika milima ya Wamatumbi nyuma ya Kilwa, wakishambuliwa kwa mizinga mikubwa. Kilima walichokipigania tarehe 15, kwa hasara nzito, Waingereza walikiita Gold Coast Hill. Julai 1917 walikuwa Narungombe, halafu Lindi, halafu Msumbiji mwaka 1918. Nyuma yao walitembea wapagazi wa nchi hii, wakibeba risasi na unga, wakifa zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Grunshi alitoka vitani na nishani mbili.

Vita vya Pili vya Dunia viliwaleta tena upande huu. Mwishoni mwa 1940 Brigedi ya Gold Coast ilishambulia El Wak, mpakani mwa Kenya na Somalia, kisha ikawasukuma Waitaliano hadi ng'ambo ya mto Juba. Baadaye askari wa Afrika Magharibi walikwenda Burma, wakapigana katika misitu ya bonde la Kaladan.

Waliorudi hawakupewa walichoahidiwa. Tarehe 28 Februari 1948 maveterani waliandamana kwa amani mjini Accra kuelekea kasri la Christiansborg, makao ya gavana, wakidai haki zao. Polisi waliwafyatulia risasi na kuwaua watatu: Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Askari Odartey Lamptey. Ghasia zilizofuata ziliiharakisha safari ya uhuru uliopatikana 6 Machi 1957.

Ngome iligeuzwa makumbusho ya Kikosi cha Gold Coast mwanzoni mwa miaka ya 1950, muda mfupi baada ya risasi zile. Baada ya uhuru ikapita mikononi mwa Jeshi la Ghana pamoja na silaha, nishani na picha za kampeni zote hizo, ya Afrika Mashariki ikiwemo. Mtanzania au Mkenya atakayepita Kumasi aingie. Na wanaotunza kumbukumbu za Vita Kuu huko Kilwa na Lindi wawaandikie wenzao wa Kumasi, ili majina ya waliolala Kibata yasomwe pande zote mbili za bara, na ya wapagazi, yatakayopatikana, yaandikwe kando yao.