Maneno ya Kitabu na Maneno ya Uwanja

Msomaji, kila mchezo una kanuni zake, na kila kanuni ina maneno yake. Lakini maneno ya kitabuni hayalingani siku zote na maneno ya uwanjani. Simama kando ya uwanja wa mpira wa kikapu katika shule za Migori au Homa Bay, utege sikio. Mwamuzi huitwa refa. Aliyemsukuma mpinzani wake huambiwa amecheza rafu. Aliyekwenda na mpira bila kuudunda huambiwa ametembea, ilhali kitabu cha kanuni, kilichoandikwa kwa Kiingereza, chasema amesafiri. Je, ni nani mwenye haki, kitabu au uwanja? Ili tupate jibu, yatupasa kurudi nyuma miaka mia moja na zaidi.

Mnamo Desemba 1891, James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada, alikuwa akifundisha katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, nchini Marekani. Aliagizwa abuni mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Vikapu viwili vya matunda vilipigiliwa misumari kwenye roshani, futi 10 kutoka sakafuni, na vijana 18 wakagawanywa tisa kwa tisa. Mpira uliotumika ulikuwa ule wa kandanda. Kanuni zilikuwa 13 tu. Kimo kile cha futi 10 hakijabadilika hata leo, lakini vikapu vyenyewe vilitoweka zamani, vikafuatwa na pete za chuma na nyavu. Hata hivyo sisi twasema bado mpira wa kikapu. Basi jina laweza kuishi hata baada ya kitu chenyewe kufa.

Sasa tazama neno faulo. Katika kitabu cha leo, makosa ni ya namna mbili. Kuna ukiukaji wa kanuni, kama kutembea na mpira. Adhabu yake ni kupokonywa mpira tu. Kuna na faulo, ambayo kwa kawaida ni kumgusa mpinzani isivyo halali. Hiyo huandikwa mezani, na mchezaji akifikisha tano hutolewa. Wanafunzi wengi huyaita yote faulo. Mwalimu huwakemea, nao hudhani wameiharibu lugha. Lakini tukisoma kanuni zile 13 za mwanzo twakuta ajabu: Naismith mwenyewe alihesabu kukimbia na mpira kuwa faulo, sawasawa na kusukuma au kupiga ngwala. Upande uliofanya faulo tatu mfululizo, wapinzani wao walipewa bao. Baadaye ndipo wenye kanuni walipoyatenganisha makosa hayo. Kwa hiyo kijana wa Oyugis au Rongo aitaye kutembea faulo hakuzua jambo jipya. Anasema kama alivyosema mwanzilishi wa mchezo.

Mfano wa pili ni wachezaji wawili wanaoushika mpira pamoja, asiweze yeyote kuutwaa. Uwanjani husikika kelele za kudai mpira urushwe juu. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Lakini siku hizi, katika kanuni za FIBA, yaani Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu lililoundwa Geneva mwaka 1932, mpira hurushwa juu mwanzoni mwa mchezo tu. Baadaye timu hupokezana zamu, na mshale wa mezani huonyesha ni zamu ya nani. Kanuni imekwenda, kilio kimebaki.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya michezo peke yake. Wilaya ya Nyanza Kusini, iliyokuwa na makao yake Homa Bay, iligawanywa, na Migori ikawa wilaya mbali mwaka 1992. Leo Migori na Homa Bay ni kaunti mbili. Lakini kiwanda cha sukari cha Awendo, kilichomo katika Kaunti ya Migori, chaitwa Sony hadi leo, na jina hilo ni kifupi cha Nyanza Kusini kwa Kiingereza. Serikali ilifuta jina kwenye ramani, nalo limesalia kwenye magunia ya sukari. Lugha ya watu ni ghala. Ndani yake mna vitu ambavyo wenye afisi wamekwisha kuvisahau.

Je, tukitupe kitabu? La, hasha! Mchezaji mwenye faulo nne anaposikia kipenga kwa kuwa ametembea, asipojua tofauti ya maneno hudhani amekwisha kutolewa. Huenda akatupa mpira kwa hasira, na kwa hasira hiyo akaandikiwa faulo ya tano kweli. Kocha naye akienda mezani kulalamika kwa maneno ya mtaani, hoja yake haitaeleweka hata kama ana haki.

Tena lipo neno rafu. Neno hili lashutumu moyo wa mtu. Lasema kwamba amekusudia ukatili. Faulo ya kitabuni haisemi hivyo. Mchezaji aweza kuchelewa hatua moja, akamgusa mwenzake, akaandikiwa faulo, naye hana ubaya wowote. Kwa ukali wa makusudi kitabu kina jina jingine na adhabu nyingine. Timu ya Kuria inapokutana na timu ya kando ya ziwa, na mashabiki wakapiga kelele za rafu kwa lugha tatu au nne, neno hilo moja laweza kugeuza mgusano mdogo kuwa ugomvi wa shule na shule. Hapo neno baridi la kitabu ni ngao ya mchezaji.

Basi, kijana, jifunze lugha zote mbili. Unapocheza na wenzako jioni, sema kama wasemavyo, wala usimcheke asemaye faulo mahali pa ukiukaji. Huenda neno lake lina umri kuliko kitabu chako. Lakini ukishika kipenga, au ukikaa mezani kuandika makosa ya wenzako, tumia neno la kitabu, na ulitumie sawasawa kwa wenyeji na kwa wageni. Wahenga walisema kwamba ulimi hauna mfupa. Mwamuzi mwema ni yule aupaye ulimi wake mfupa.