Rafiki wa kufikirika si pepo, ni mchezo wa mtoto

MTOTO wa miaka minne anapomtengea chakula mtu asiyeonekana, au kutaka "mwenzake" asogezewe kiti, wazazi wengi huingiwa na hofu. Mjini Mwanza na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, ambako imani juu ya majini na mizimu ingali na nguvu, wapo wanaokimbilia kwa mganga.

Wataalamu wa saikolojia humwita mwenzake huyo rafiki wa kufikirika. Huweza kuwa mtu, mnyama, au hata mwanasesere wa gunzi aliyepewa jina na tabia. Utafiti wa Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa asilimia 65 ya watoto waliochunguzwa walikuwa wamepata kuwa na rafiki wa aina hiyo kufikia umri wa miaka saba.

Kwa kawaida mtoto hujua kwamba rafiki huyo si wa kweli. Kupitia kwake hujizoeza lugha, hutuliza woga na hujifunza kuishi na wengine, kama afanyavyo katika mchezo wa baba na mama.

Mzazi asimchape wala asimcheke, bali asikilize. Mara nyingi mtoto humsemesha rafiki huyo yale anayoogopa kuyasema mwenyewe. Hata hivyo nidhamu ibaki palepale: kikombe kikivunjwa na "rafiki", mtoto ndiye asaidie kusafisha.

Apelekwe hospitali iwapo rafiki huyo anamtisha, anamwamuru ajidhuru, au mtoto anajitenga na wenzake na kukosa usingizi. Akiona vitu visivyokuwapo huku ana homa au degedege, asicheleweshwe, kwani huenda ni malaria kali.

Lililo zito zaidi ni kwamba Kanda ya Ziwa imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Simulizi ya mtoto kuhusu mgeni wa usiku isigeuzwe ushahidi dhidi ya bibi wa jirani. Kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18.

Watoto wengi humsahau rafiki huyo wenyewe, pole pole, kadiri wanavyokua na kupata wenzao wa kucheza nao.